Injini za Moshi Zilivyokwisha Marekani

Jioni moja, katika darasa la kisomo lililo karibu na reli, mzee mmoja alituuliza swali. Alisema: "Ninyi walimu mmetufundisha kuandika neno garimoshi. Lakini treni inayopita hapa haina moshi kama ule wa zamani. Huo moshi umekwenda wapi?"

Darasa zima likacheka. Sisi nasi tukacheka. Lakini baadaye tuliona kwamba swali lile si la kuchekwa. Mzee alikuwa ameuliza jambo kubwa: chombo kilichofanya kazi zaidi ya miaka mia kimeondokaje? Na watu waliokuwa wakikihudumia walikwenda wapi?

Moshi haukuondoka kwetu tu. Uliondoka katika nchi nyingi, moja baada ya nyingine. Leo tutasoma jinsi ulivyoondoka Marekani, kwa sababu huko mambo yalikwenda haraka mno. Mwaka 1945, Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, kampuni za reli za Marekani zilikuwa na injini za moshi zaidi ya 35,000. Mwaka 1955 zilikuwa zimebaki kama 6,000. Mwaka 1960 zilikuwa karibu zote zimekwisha. Ni miaka 15 tu! Mtoto aliyezaliwa mwaka vita vilipokwisha alikuwa bado yuko shuleni.

Katika somo hili tujiulize maswali matatu:

1. Kwa nini injini za moshi ziliondolewa?
2. Nani alipata faida?
3. Nani alilipa gharama ya mabadiliko hayo?

INJINI YA MOSHI HUFANYAJE KAZI?

Weka sufuria ya maji jikoni, uifunike. Maji yakichemka, kifuniko huanza kurukaruka. Ni nini kinachokirusha? Ni mvuke. Mvuke ukikosa nafasi husukuma. Hiyo ndiyo siri yote ya injini ya moshi.

Ndani ya injini mna jiko kubwa la chuma. Humo huchomwa makaa ya mawe, kuni au mafuta mazito. Joto la moto hupita katika mabomba mengi yaliyozungukwa na maji ndani ya boila. Boila ni pipa kubwa la chuma lililofungwa barabara. Maji yakigeuka kuwa mvuke, mvuke ule hubanwa na kupata nguvu nyingi. Halafu hupelekwa kwenye silinda, na huko huisukuma pistoni mbele na nyuma. Vyuma virefu huunganisha pistoni na magurudumu. Pistoni ikienda, magurudumu huzunguka, na treni huondoka. Mvuke uliomaliza kazi hutokea juu pamoja na moshi: chu, chu, chu.

Injini hizi zilikuwa na nguvu, si mchezo. Kati ya mwaka 1941 na 1944 kampuni ya reli iitwayo Union Pacific ilitengenezewa injini 25 zilizopewa jina la Big Boy. Urefu wa injini moja, pamoja na behewa lake la makaa na maji, ulikuwa kama meta 40. Uzito wake ulizidi tani 500. Ilibeba maji kama lita 90,000. Tukichukua debe la lita 20, hayo ni madebe 4,500. Fikiria akina mama wangapi wangechota maji hayo kisimani, na kwa siku ngapi!

Maji yote hayo hayakutosha safari ndefu. Ilibidi injini isimame njiani inywe tena.

WATU WENGI NYUMA YA INJINI MOJA

Mtu anayemtazama ng'ombe akivuta jembe huona ng'ombe mmoja tu. Hamwoni aliyemchunga, aliyemkatia majani, aliyemnywesha, wala aliyemtibu. Injini ya moshi ilikuwa hivyo hivyo. Abiria aliona dereva na mwenzake, mchochea moto. Kumbe nyuma yao walikuwapo watu wengi.

Kulikuwa na aliyewasha moto saa nyingi kabla ya safari, maana boila baridi haichemki kwa dakika moja. Kulikuwa na waliojaza makaa na waliotunza matangi ya maji kando ya njia. Kulikuwa na waliozoa majivu chini ya jiko, na waliopaka mafuta na grisi kwenye kila kiungo. Kila baada ya muda boila ilibidi izimwe, ioshwe ndani na kukwanguliwa ukoko wa chumvi, kama ule unaouona ndani ya birika la chai. Kulikuwa na mafundi wa boila, wahunzi, waseremala na wasafishaji.

Kwa sababu injini haikuweza kwenda mbali bila huduma hizo, kampuni za reli zilijenga vituo vya kuzihudumia. Zamani umbali wa kituo hadi kituo ulikuwa kama kilometa 160 hivi. Penye kituo palizuka mji. Watu walijenga nyumba, maduka, shule na makanisa. Miji mingine ilikua sana. Altoona, katika jimbo la Pennsylvania, ulikuwa mji wa karakana kubwa za reli ambazo kwa miaka mingi ziliajiri maelfu ya watu. Roanoke, katika jimbo la Virginia, ulikuwa mji wa namna hiyo pia.

Ndugu msomaji, tafadhali usiisahau picha hii ya watu wengi nyuma ya injini moja. Tutairudia.

DIZELI INAINGIA

Injini ya dizeli ilivumbuliwa na Mjerumani aliyeitwa Rudolf Diesel. Mwaka 1897 injini yake ilifanya kazi vizuri mbele ya watu. Injini hii haichemshi maji. Mafuta huchomwa ndani ya silinda yenyewe na kuisukuma pistoni moja kwa moja.

Katika treni nyingi za dizeli za Marekani, injini haizungushi magurudumu yenyewe. Huzungusha jenereta inayotoa umeme. Umeme huo huenda kwenye mota zilizofungwa karibu na magurudumu, na mota ndizo zinazoyazungusha. Tunaweza kusema kwamba treni ya dizeli hubeba kituo chake cha umeme mgongoni.

Mwanzoni wakuu wengi wa reli hawakuamini. Walisema: "Hicho kitu kitavuta abiria wachache, lakini kwenye mizigo mizito milimani kitashindwa." Basi mwishoni mwa mwaka 1939 kampuni ya General Motors ilitoa dizeli ya mizigo iitwayo FT, namba 103. Ilikuwa na sehemu nne zilizounganishwa, na nguvu zake zilikuwa sawa na farasi 5,400. Iliazimwa kwa kampuni 20 za reli ili zijionee zenyewe. Kwa muda wa karibu miezi 11 ilipita katika majimbo 35, ikaenda karibu kilometa 135,000. Ilivuta mizigo jangwani na milimani, katika joto na katika theluji. Waliokuwa na shaka wakaanza kutia saini za kununua.

Kisha vita vikaingia Marekani mwaka 1941. Serikali iliweka mipaka juu ya utengenezaji wa dizeli, kwa sababu injini na vyuma vilihitajika vitani. Injini za moshi zikabeba mzigo wa vita, usiku na mchana. Vita vilipokwisha, nyingi zilikuwa zimechoka. Hapo ndipo kampuni za reli zilipojiuliza: tununue nyingine za moshi, au tugeukie dizeli?

HESABU YA FAIDA

Tuwe wakweli. Dizeli haikushinda kwa ujanja. Ilishinda kwa hesabu.

Kwanza, mafuta. Chukua magunia 100 ya makaa ya mawe uyachome katika injini nzuri ya moshi. Nguvu ya magunia 6 hadi 8 tu ndiyo iliyovuta treni. Joto la magunia mengine yote lilipotea hewani. Sasa chukua mapipa 100 ya mafuta ya dizeli. Nguvu ya mapipa 25 hadi 30 ilivuta treni.

Pili, maji. Dizeli haikuhitaji matangi ya maji njiani. Katika majangwa ya magharibi ya Marekani maji yalikuwa taabu kubwa, na mengine yalikuwa na chumvi iliyoharibu boila. Dizeli ikaimaliza taabu hiyo.

Tatu, muda wa kazi. Injini ya moshi ilitumia saa nyingi ikihudumiwa. Dizeli ilitiwa mafuta, ikakaguliwa, ikaondoka. Iliweza kwenda mamia ya kilometa bila kubadilishwa.

Nne, vipuri. Injini za moshi zilitengenezwa kwa michoro mingi. Kila kampuni ilitaka yake. Dizeli zilitengenezwa kwa mfano mmoja, nyingi kwa pamoja. Kifaa kikiharibika, unatoa kibovu na kutia kipya.

Tano, wafanyakazi. Injini mbili za moshi zikivuta treni moja zilihitaji madereva wawili na wachochea moto wawili. Dizeli nne ziliweza kuunganishwa kwa nyaya, na dereva mmoja akaziendesha zote.

Tena, wachimbaji wa makaa ya mawe waligoma mara kadhaa katika miaka ya 1940. Mgomo ulipotokea, reli iliyotegemea makaa iliingia wasiwasi. Jambo hili nalo liliisogeza mizani upande wa dizeli.

Hizi ni faida za kweli. Lakini sasa tuirudie ile picha yetu. Dizeli haikutaka maji. Basi mtunza tangi hana kazi. Haikutaka makaa wala kutoa majivu. Basi mpakiaji na mzoa majivu hawana kazi. Haikuwa na boila ya kuvuta treni. Basi fundi wa boila hana kazi. Kila jambo tuliloliandika katika orodha ya faida lilikuwa riziki ya mtu fulani. Faida na hasara zilikuwa kitu kimoja kinachotazamwa kutoka pande mbili.

RELI ILIYOKATAA KWA MUDA

Kampuni moja kubwa ilishikilia injini za moshi kuliko nyingine zote. Iliitwa Norfolk and Western, na makao yake yalikuwa Roanoke. Ilikuwa na sababu. Kazi yake kubwa ilikuwa kusafirisha makaa ya mawe kutoka milimani. Makaa yalikuwa mlangoni pake, na wachimbaji walikuwa wateja wake. Mtu anayeuza mahindi hapendi kuonekana akila mkate wa dukani.

Tena mafundi wake walikuwa hodari. Walijitengenezea injini zao wenyewe hapo hapo Roanoke. Walijenga vituo vya huduma ambamo injini ilioshwa, ikatiwa mafuta na grisi kwa mashine, ikajazwa makaa na maji, ikatoka kwa muda mfupi sana. Mwaka 1952 kampuni hiyo ilishindanisha injini zake bora na dizeli kwenye njia yake yenyewe. Matokeo yalikaribiana sana. Mafundi wale walikuwa wameifikisha injini ya moshi karibu na kikomo cha ubora wake.

Desemba 1953 karakana ya Roanoke ilikamilisha injini ya moshi namba 244, ya kupangia mabehewa stesheni. Inahesabiwa kuwa ya mwisho kutengenezwa kwa ajili ya kampuni kubwa ya reli Marekani. Mwaka 1954 kampuni ilijaribu injini nyingine ya mvuke ya aina mpya kabisa, iliyozalisha umeme kama dizeli. Ilivuta kwa nguvu, lakini iliharibika mara kwa mara, na baada ya miaka michache ikaachwa.

Mwaka 1955 Norfolk and Western nayo ilianza kununua dizeli. Kwa nini, ikiwa injini zake zilikuwa nzuri hivyo? Jibu ni kwamba haikuweza kubaki peke yake. Kampuni nyingine zilipoacha injini za moshi, viwanda vya vipuri vyake vilikosa wateja. Kimoja kikafunga, kingine kikabadilisha kazi. Vifaa vilivyokuwa vikinunuliwa dukani sasa ilibidi vitengenezwe kimoja kimoja kwa bei kubwa. Hata anayetunza baiskeli yake vizuri kuliko wote atakwama siku ambayo tairi zake haziuzwi tena popote.

Watengenezaji wa injini nao hawakupona. Kampuni ya Baldwin, iliyoanza Philadelphia katika miaka ya 1830, ilikuwa imetengeneza injini zaidi ya 70,000. Hata reli iliyojengwa kutoka Mombasa kwenda Ziwa Victoria ilipata kutumia injini za Baldwin. Baldwin ilijaribu kutengeneza dizeli, lakini ilichelewa kuupokea mwendo mpya. Mwaka 1956 ikaacha kutengeneza treni kabisa.

Mwaka 1958 Norfolk and Western ilipata mkuu mpya, Stuart Saunders. Yeye aliharakisha mabadiliko. Mei 1960 injini ya mwisho ya moshi ya kampuni hiyo ilimaliza kazi. Moto ukazimwa. Ile namba 244 haikutimiza hata miaka 10 kazini.

MJI ULIOPOTEZA KAZI YAKE

Mwaka 1951 mtaalamu wa elimu ya jamii, W. F. Cottrell, aliandika habari za mji mmoja wa jangwani. Katika maandishi yake aliuita Caliente. Mji huo ulikuwapo kwa sababu moja tu: injini za moshi zilihitaji kusimama hapo na kuhudumiwa. Watu walifika, wakajenga, wakazaa, wakazeeka wakihudumia injini. Dizeli ilipoingia, treni hazikuwa na haja ya kusimama. Zikawa zinapita.

Cottrell alijiuliza: nani alipata hasara kubwa zaidi? Pengine sisi tungedhani ni wavivu au walevi. Sivyo. Aliona kwamba waliopoteza zaidi ni wale waliofanya yote wanayosifiwa raia wema. Ni aliyejenga nyumba yake mwenyewe, kwa sababu sasa nyumba haina mnunuzi. Ni mwenye duka aliyewakopesha wafanyakazi. Ni aliyeukopesha mji fedha za kujengea huduma za wote. Ni waumini waliochangia kanisa. Ni mfanyakazi wa miaka mingi, ambaye haki zake za kazi zilifungwa mahali pale. Kibarua asiye na nyumba wala familia alifunga mzigo wake, akahamia kwingine. Hasara yake ilikuwa ndogo.

Tafakari jambo hili, ndugu msomaji. Watu wale hawakukosea. Waliambiwa: jengeni, tulieni, tumikieni mji wenu. Wakafanya hivyo. Wenye hisa wa kampuni walipata faida. Wasafirishaji wa mizigo walipata faida. Mji ule ulilipa gharama, na hakuna aliyeuuliza mapema.

MCHOCHEA MOTO MWEUSI

Kuna habari nyingine ambayo mara nyingi husahaulika. Katika majimbo ya kusini ya Marekani wachochea moto wengi walikuwa watu weusi. Kazi ilikuwa ya joto, vumbi na kuumiza mgongo kwa koleo, na Wazungu wengi hawakuitaka. Mtu mweusi aliruhusiwa kuchochea moto, lakini hakupandishwa cheo kuwa dereva, hata angefanya kazi maisha yake yote.

Kisha zikaja mashine za kupeleka makaa jikoni. Baadaye ikaja dizeli yenyewe. Kazi ikawa nyepesi zaidi, nafasi zikawa chache, na Wazungu wakaanza kuitaka. Chama cha wachochea moto hakikupokea wanachama weusi, lakini kisheria ndicho kilichozungumza na kampuni kwa niaba ya wachochea moto wote. Mwaka 1941 chama hicho kilifanya mapatano na kampuni za kusini ili kupunguza nafasi za watu weusi.

Mchochea moto mmoja mweusi wa Alabama, Bester William Steele, aliondolewa katika kazi yake nzuri ya treni za abiria. Ikapewa Wazungu waliokuwa na utumishi mfupi kuliko wake. Steele hakunyamaza. Alikwenda mahakamani. Wakili wake, Charles Hamilton Houston, naye mtu mweusi, aliifikisha kesi hadi mahakama ya juu kabisa ya Marekani. Tarehe 18 Desemba 1944 mahakama iliamua kwamba chama kinachowasemea wafanyakazi wote kwa nguvu ya sheria ni lazima kiwatetee wote kwa haki, hata wasio wanachama.

Huo ulikuwa ushindi mkubwa wa sheria, na wafanyakazi wengine waliutumia baadaye. Lakini tazama jambo la kusikitisha. Walipokuwa wakigombania nafasi kwenye jiko la injini, jiko lenyewe lilikuwa linaondoka. Waliofukuza na waliofukuzwa wote wangeikosa kazi ile.

Kwa miaka mingi vyama vilidai kwamba dizeli nayo iwe na msaidizi wa dereva mwenye cheo kile kile cha mchochea moto, ingawa hapakuwa na moto wa kuchochea. Kampuni zikasema huo ni mshahara wa bure. Vyama vikasema msaidizi huyo ni jicho la pili la usalama. Ugomvi ulifika hadi bungeni. Agosti 1963 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuupeleka ugomvi huo kwa wasuluhishi. Novemba mwaka huo huo wasuluhishi waliamua kwamba hadi asilimia 90 ya nafasi za wachochea moto katika treni za mizigo na katika viwanja vya kupangia mabehewa zingeweza kufutwa. Wenye utumishi mrefu waliachiwa kazi zao. Vijana ndio waliotoka.

YALIYOBAKI

Injini nyingi zilikatwakatwa zikawa vyuma chakavu. Hapa na pale, katika njia ndogo ndogo, chache ziliendelea kufanya kazi katika miaka ya 1960. Nyingine zilihifadhiwa. Katika Big Boy 25, zilibaki 8. Mmoja wao, namba 4014, ulitengenezwa upya na kurudi relini mwaka 2019, wakati Wamarekani walipoadhimisha miaka 150 ya reli yao ya kwanza ya kuvuka bara. Watu walijipanga kando ya njia kuutazama.

Mpiga picha mmoja, O. Winston Link, aliona mapema kwamba jambo fulani linapotea. Kati ya mwaka 1955 na 1960 alizifuata treni za Norfolk and Western, hasa usiku, akiangaza giza kwa taa nyingi za kupigia picha. Hakupiga injini peke yake. Alipiga pia watu waliokaa barazani treni ikipita, watoto wakiogelea mtoni, na wafanyakazi wakiwa kazini. Picha zake zimewekwa katika jumba la makumbusho huko Roanoke, ndani ya jengo lililokuwa stesheni ya abiria. Alitambua kwamba injini ikiondoka, na maisha yanayoizunguka huondoka.

TUMEJIFUNZA NINI?

Mzee wetu aliuliza: moshi umekwenda wapi? Sasa tunaweza kumjibu. Umeondolewa na hesabu, na hesabu hiyo ilikuwa sahihi. Treni zilisafiri mbali zaidi kwa mafuta machache zaidi. Hakuna mtu mwenye akili anayetaka kurudi kuzoa majivu kwa koleo.

Lakini hesabu ile haikuwa kamili. Iliandika bei ya makaa, bei ya maji na bei ya vipuri. Haikuandika nyumba ya mtu wa Caliente, wala haki ya Steele, wala ufundi wa mtu wa Roanoke aliyejifunza kazi ya boila tangu ujana. Mashine hainyimi watu haki yenyewe. Watu ndio wanaoamua faida igawanywe vipi, na nani aandaliwe kabla kazi yake haijaondoka. Wahenga walisema: "Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo nyasi." Huko Marekani makaa na mafuta yalishindana, na nyasi zilikuwa miji midogo kando ya reli.

Basi mashine mpya inapofika, tusiikatae kwa kuwa ni mpya, wala tusiishangilie kabla ya kuihesabu. Tuulize mapema: nani atapata, nani atapoteza, na aliyepoteza atasaidiwaje? Kuuliza baada ya moto kuzimwa ni kuchelewa.

MANENO YA KUKUMBUKA

Boila: pipa la chuma lililofungwa, la kuchemshia maji ili kupata mvuke.
Pistoni: kipande cha chuma kinachosukumwa mbele na nyuma ndani ya silinda.
Mchochea moto: mfanyakazi anayetunza moto na mvuke wa injini.
Jenereta: mashine ya kuzalisha umeme.
Msuluhishi: mtu anayepewa kazi ya kuamua ugomvi wa pande mbili.
Vyuma chakavu: vyuma vya vitu vilivyoharibika au kuachwa, vinavyouzwa ili viyeyushwe.

MASWALI YA MAJADILIANO

Someni pamoja katika kikundi, kisha mjadiliane.

1. Taja kazi tano zilizofanywa na watu kwa ajili ya injini ya moshi. Ni zipi zilizoondolewa na dizeli?
2. Kwa nini Norfolk and Western haikuweza kubaki peke yake na injini za moshi?
3. Je, ni haki kwamba waliojenga mji walipata hasara kuliko waliohamahama? Nani alipaswa kuwasaidia?
4. Steele alishinda kesi. Ushindi huo ulikuwa na faida gani, ikiwa kazi yenyewe ilikuwa inaisha?
5. Kumbukeni mashine moja iliyoingia katika kijiji chenu. Ilipunguza taabu gani? Ilimwondolea nani kazi?

HESABU

1. Big Boy zilizotengenezwa zilikuwa 25. Zilizohifadhiwa ni 8. Zilizobaki zilikuwa ngapi?
2. Injini ya moshi ilitumia vizuri nguvu ya magunia 6 katika magunia 100. Je, ni magunia mangapi ambayo joto lake lilipotea?
3. Mwaka 1945 injini za moshi zilikuwa zaidi ya 35,000. Mwaka 1955 zilikuwa kama 6,000. Zilipungua kwa kiasi gani, si chini ya ngapi?

Majibu: (1) 17. (2) 94. (3) Kama 29,000 au zaidi.